Bosi Karudi Semina, Nani Anamsubiri?

Leo nina habari ya viongozi wanaopelekwa kusomea uongozi, na habari ya wale wanaowasomesha, yaani washauri waelekezi wa rasilimali watu. Nawajua vijana wengi wanaoitamani kazi hiyo ya ushauri, kwa hiyo mwishoni nitazungumza nao hasa. Lakini tusikimbilie huko.

Nianze kwa swali. Hapo kazini kwako, bosi akienda semina ya uongozi wiki nzima, akarudi Jumatatu, unaona nini kipya? Usijibu haraka. Fikiri kidogo.

Wengine mtaniambia: karudi na mkoba wenye nembo, kalamu, na cheti ambacho kesho yake kimeshatundikwa ukutani. Mtaniambia pia kwamba Jumatatu na Jumanne alisalimia watu wote, mpaka mlinzi wa getini. Na Jumatano? Jumatano barua za likizo zimelala mezani kwake kama zamani, karani anakaripiwa mbele ya wateja kama zamani, na kikao cha saa mbili kinaanza saa nne.

Sasa, kosa ni la nani? Jibu la barazani ni kwamba bosi hafundishiki. Huyo ndivyo alivyozaliwa! Ndugu msikilizaji, mimi jibu hilo silikubali. Nasema kwamba kazi ya kumfundisha kiongozi haiishii siku anayopewa cheti. Inaanza siku anayorudi ofisini. Nitalirudia jambo hili mara kadhaa leo, unisamehe, maana ndilo lililonileta hapa.

Na wala si wazo langu mimi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na kampuni kubwa ya Marekani, International Harvester, yenye makao makuu Chicago, iliyotengeneza matrekta na mashine za kilimo. Wasimamizi wa karakana zake walikuwa wanapelekwa shule kufundishwa jinsi ya kuishi na watu walio chini yao: wasikilize, waheshimu, waeleze sababu ya amri unayotoa. Mambo yale yale tunayofundishwa leo, ila sasa kuna projekta. Mtafiti mmoja kutoka Chuo Kikuu cha Ohio State, Edwin Fleishman, hakuridhika na kuwauliza wahitimu pale mlangoni wakitoka darasani. Aliwafuata mpaka kiwandani. Akawauliza na wafanyakazi walio chini yao: huyu msimamizi wenu anawatendeaje?

Unadhani alikuta nini? Alikuta kwamba darasani watu walibadilika kweli, angalau kwa maneno. Lakini wakirudi kiwandani, mwenendo wao ulimfuata mkubwa wao wa kazi. Msimamizi ambaye mkubwa wake alijali watu, naye alijali watu. Msimamizi ambaye mkubwa wake alikuwa mtu wa amri na makaripio, naye alirudi kwenye amri na makaripio. Mafunzo yalishindwa na mazingira ya ofisi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1953, na mpaka leo sijaona semina ya siku tatu iliyoyapatia jibu.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukimtoa mtu mmoja ofisini, ukampeleka hotelini Bagamoyo, ukamfundisha vizuri, kisha ukamrudisha kwa mkubwa yule yule, ratiba ile ile na hofu ile ile, umefua kanzu ukaianika kando ya barabara ya vumbi.

Tujiulize jambo la pili. Kama ni hivyo, mbona ripoti za semina husema kila kitu kilikwenda vizuri? Jibu liko kwenye ile fomu ya mwisho. Unaijua. Saa kumi jioni, basi linasubiri, unapewa karatasi: mwezeshaji alikuwaje? Ukumbi je? Chakula? Unaweka vema, vema, vema, unachukua posho yako, safari njema. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Donald Kirkpatrick, kuanzia mwaka 1959 aliandika makala zilizoeleza kwamba mafunzo yapimwe kwa hatua nne. Ya kwanza, washiriki wameyapenda? Ya pili, wamejifunza kitu? Ya tatu, wakirudi kazini wanatenda tofauti? Ya nne, taasisi yenyewe imepata faida gani? Hatua nne hizo kila mshauri mwelekezi anazijua, anaweza kukutajia amelala. Ila fomu yetu ya saa kumi jioni inapima ya kwanza tu. Ya tatu, ile ya kurudi kazini, nani anaipima? Hakuna aliyelipwa kuipima.

Hapa kwetu Tanzania, kuwasomesha viongozi si jambo geni hata kidogo. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru, ng'ambo ya maji pale Kigamboni. Mama Joan Wicken, ambaye baadaye alikuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi, alihangaika sana kutafuta fedha za kukianzisha. Kilichukua watu wazima waliokuwa tayari na kazi na dhamana mbalimbali, wakasoma uchumi, siasa na utawala, kisha wakarudi kwenye kazi zao. Leo ndicho Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Mzumbe nako, huko Morogoro, chimbuko lake ni shule ya mwaka 1953 iliyowafundisha machifu na watumishi wa serikali za wenyeji. Kisha tangu mwaka 2010 tuna Taasisi ya Uongozi, iliyoanzishwa na serikali yetu ikisaidiwa na Finland. Vyuo tunavyo. Walimu tunao. Na semina elekezi ndiyo usiseme.

Lakini niruhusu nichepuke kidogo, kwa sababu kuna somo moja la uongozi katika nchi hii ambalo halikutolewa darasani. Mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo. Ibara yake ya 15 ilizungumzia mwenendo wa viongozi, ikakataza majivuno na uonevu. Angalia sasa: somo lilikuwa la viongozi, lakini waliolishika ni wafanyakazi. Viwandani watu walianza kuwauliza mameneja wao: wewe na ibara ya 15 mnaelewana? Mahali pengine meneja alifungiwa nje ya geti. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walifika mahali pa kukichukua kiwanda na kukiendesha wenyewe. Profesa Issa Shivji ameandika kwa kirefu juu ya migogoro ya miaka ile. Sisemi tuwafungie mabosi nje, jamani, msije mkaniponza! Nasema tu kwamba wanaoongozwa wanaujua mwenendo wa kiongozi wao kabla ya fomu yoyote. Fleishman aliwauliza hao. Sisi huwa tunawauliza?

Nikupe basi mfano wa mpango ambao umelifikiria jambo hili la kurudi ofisini. Mwaka 2003 chama cha waajiri cha Norway, kwa kifupi NHO, kilianzisha programu ya kuandaa wanawake kwa nafasi za juu na za bodi. Ikaitwa Female Future. Baadaye ikaja Afrika Mashariki: waajiri wa Uganda wakaichukua, wa Kenya wakaichukua, na hapa kwetu Chama cha Waajiri Tanzania, yaani ATE, kinaiendesha kwa jina la Mwanamke Kiongozi. Kwa nini naitaja? Si kwa sababu ya mada zake. Mada zake ni uongozi, kazi za bodi, kuzungumza mbele ya watu, na hizo utazipata kwingine. Naitaja kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza, mwajiri ndiye anayemteua mwanamke huyo na kumlipia, kwa hiyo mwajiri ameweka mkono wake. La pili, haiwi ya siku tatu. Inakwenda miezi kadhaa, dada anasoma, anarudi ofisini, anajaribu, anakwama, anarudi tena darasani na maswali ya kweli. Ofisi inaingia ndani ya mafunzo. Umeona tofauti?

Hata hivyo, tusidanganyane. Mwajiri anaweza kumlipia dada yule, akampigia makofi siku ya mahafali, kisha nafasi ya ukurugenzi ikampa mwingine asiyejulikana katokea wapi. Kumwandaa mtu na kumpa nafasi ni mambo mawili.

Sasa twende kwa washauri waelekezi wenyewe. Kazi huwa inawajiaje? Mara nyingi inakuja kwa barua, au zabuni yenye hadidu za rejea: tunahitaji semina ya uongozi, siku tatu, watu thelathini, nje ya mji. Yaani mgonjwa ameshajiandikia dawa, anamtaka daktari asaini tu. Mshauri wa kweli hapo huuliza maswali kabla ya kuitikia. Naomba kuona majalada ya nidhamu ya mwaka jana. Ni idara gani watu wanaacha kazi zaidi? Likizo ngapi hazikuchukuliwa? Mna mashauri mangapi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi? Mkuu wa idara hii ni kamili, au anakaimu? Anakaimu tangu lini?

Hilo la kukaimu nilitilie mkazo, kwa sababu wengi mnaonisikiliza mnalijua kwa machungu. Mtu anakaimu mwaka, anakaimu miaka miwili. Hawezi kusaini hiki, hawezi kuamua kile, na walio chini yake wanajua kwamba kesho anaweza kuondolewa. Unampeleka mtu huyo akafundishwe kufanya maamuzi magumu. Maamuzi yapi? Mpe barua yake ya uteuzi kwanza. Barua hiyo ni karatasi moja, na semina ya watu thelathini nje ya mji ni mamilioni.

Mshauri akilisema hilo, anaweza kukosa kazi. Ndiyo maana wengi hawalisemi. Mshauri hulipwa kwa siku na kwa vichwa, na ushauri wa barua moja hauna siku wala vichwa. Mimi siwalaumu kwa sauti kubwa, kila mtu ana kodi ya nyumba. Lakini wewe unayetoa fedha za taasisi, elewa kwamba aliyekukubalia kila kitu siku ya kwanza huenda hakusoma jalada hata moja.

Kuna na hili la kanuni zinazopendwa. Utasikia mwezeshaji anasema: uongozi hujifunzwa asilimia 70 kwa kazi yenyewe, 20 kwa watu wengine, 10 darasani. Chimbuko lake ni kazi ya akina Morgan McCall wa Center for Creative Leadership, kituo cha Greensboro, Marekani, ambao katika miaka ya 1980 waliwauliza wakubwa wa makampuni: mambo gani yalikufundisha? Wakubwa wakataja kazi ngumu walizopewa, mabosi wazuri na wabaya waliowahi kuwa nao, matatizo waliyopitia. Ni maelezo ya watu kuhusu kumbukumbu zao, hakuna aliyepima kwa mizani. Nayaamini kwa ujumla wake. Kinachonichekesha ni kwamba mwezeshaji hulisema hilo katika siku ya tatu ya kukaa darasani, na wote tunaandika kwenye daftari.

Haya, vijana wangu, niliwaahidi. Wewe uliyemaliza shahada ya menejimenti ya rasilimali watu, labda Mzumbe, au stashahada Chuo cha Utumishi wa Umma, unataka kuwa mshauri mwelekezi. Unaona suti, unaona kompyuta mpakato, unaona kampuni kubwa kama KPMG, Deloitte na PwC zenye ofisi Dar es Salaam na Nairobi. Uanzie wapi?

Anzia ofisi ya utumishi. Narudia: ofisi ya utumishi, yenye masijala, vumbi na majalada. Najua si jibu ulilolitaka. Lakini ukae pale ambapo mama mjamzito anakuja kuuliza likizo yake ya uzazi, ambapo mzee anayestaafu anakuta michango yake ya miaka fulani haionekani, ambapo dereva ameandikiwa barua ya kujieleza kwa mafuta yaliyopotea. Pale ndipo unapouona uongozi ulivyo, kwa sababu kila bosi mbaya mwisho wake huishia kwenye jalada.

Tumchukue huyo dereva. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali, na afuate utaratibu wa haki. Vyote viwili. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema mtu apewe muda wa kutosha kujiandaa na kikao cha nidhamu, kwa kawaida usiopungua saa 48. Bosi wetu ana hasira. Anamwita dereva saa tatu asubuhi, saa nne kikao, saa sita barua. Dereva ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume, na analipeleka. Inawezekana kabisa kwamba mafuta aliiba. Lakini mwajiri anaanguka, kwa sababu ya saa 48 ambazo bosi hakuzisubiri. Sasa niambie, somo gani la uongozi ni kubwa kuliko hilo? Kuzuia hasira siku mbili, kumsikiliza mtu unayemshuku, kuandika unachofanya. Afisa utumishi aliyekaa katika vikao kama hivyo ana kitu cha kumfundisha meneja. Aliyetoka chuoni moja kwa moja na slaidi zake, wasimamizi wa zamu watamsikiliza kwa adabu, wakisubiri chai.

Kenya wenzetu wamekwenda mbele hatua moja. Wana sheria ya mwaka 2012 ya wataalamu wa menejimenti ya rasilimali watu: mtu anasajiliwa, anapata leseni ya kufanya kazi, anafanya mitihani ya kitaaluma. Kijana wa Tanzania anayefikiria kuvuka mpaka kikazi alijue hilo mapema.

Na onyo moja fupi. Akikujia mtu anajiita mshauri wa ajira, anasema toa kiasi fulani nikutafutie kazi, kimbia. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka msingi kwamba wakala hamtozi mtafuta kazi. Anayelipa ni mwajiri anayetafuta mtu. Usiuze simu yako kulipia usaili.

Kuwezesha semina, kusimama mbele ya watu na kipaza sauti, hicho kijifunze mwishoni. Ni kitu cha mwisho kabisa. Kabla yake jifunze kuandika barua inayoeleweka, kusoma muundo wa mishahara, na kumhoji mtu bila kumtisha. Jifunze pia kumwambia mteja hapana.

Sasa nimebaki na dakika chache kwa ajili ya mameneja na wakurugenzi, maana najua mpo, mnasikiliza kwa siri. Mwaka huu mtapeleka mtu mafunzo. Fanyeni hivi. Kabla hajaondoka, mkubwa wake akae naye, waandike jambo moja tu ambalo likibadilika idara itapona. Moja. Tuseme, vikao vianze kwa wakati, au barua za likizo zijibiwe ndani ya wiki. Akirudi, mkubwa wake huyo huyo ampe ruhusa ya kulifanya, kwa maandishi kama inabidi. Baada ya miezi mitatu waulizeni walio chini yake, bila yeye kuwepo: imekuwaje? Na msiifanye kama ile fomu ya OPRAS ya kupima utendaji wa watumishi, iliyokuwa inajazwa haraka haraka barua za kupanda daraja zinaponukia. Ulizeni kwa mdomo, sikilizeni kwa masikio.

Wakisema hakuna kilichobadilika, msianze na yeye. Anzeni na huyo mkubwa wake. Huenda ndiye aliyetakiwa kwenda Bagamoyo.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza na watu wa masijala wenyewe: jalada linapoteaje, na linapatikanaje siku ile ile baada ya mtu kuja na mwanasheria.